Abraham de Moivre: Mkimbizi na Mchirizo wa Kengele

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii inamwafiki Abraham de Moivre, Mfaransa aliyeingia London akiwa mkimbizi, akaitajirisha taaluma ya takwimu kwa ugunduzi ambao kwa muda mrefu ulihusishwa na watu wengine.

De Moivre alizaliwa tarehe 26 Mei 1667 mjini Vitry-le-François, katika jimbo la Champagne, katika familia ya Kiprotestanti. Mwaka wa 1685 Mfalme Louis wa 14 aliibatilisha Amri ya Nantes, ambayo tangu 1598 ilikuwa imewapa Waprotestanti wa Ufaransa uhuru wa kuabudu. Maelfu walitoroka, na de Moivre naye akaihama nchi yake.

Jijini London alijikimu kwa kufunza hisabati katika nyumba za watu wenye uwezo. Alipokutana na Principia, kitabu cha Isaac Newton kilichochapishwa mwaka wa 1687, alitambua kuwa bado alikuwa na mengi ya kujifunza. Husimuliwa kwamba alizichana kurasa zake, akazitia mfukoni na kuzisoma njiani akitoka kwa mwanafunzi mmoja kwenda kwa mwingine. Mwaka wa 1697 alichaguliwa katika Royal Society, na Newton mwenyewe akawa rafiki yake. Licha ya sifa hizo, hakuna chuo kikuu kilichowahi kumpa kazi.

Mwaka wa 1718 alichapisha The Doctrine of Chances, kitabu kuhusu uwezekano katika michezo ya bahati. Palibaki tatizo moja. Sarafu ikirushwa mara 10, ni rahisi kukadiria uwezekano wa kila idadi ya vichwa. Ikirushwa mara 3,600, kazi ya kujumlisha haimaliziki. Tarehe 12 Novemba 1733 aliwagawia marafiki kijitabu cha Kilatini chenye jawabu. Alionyesha kuwa kadiri urushaji unavyoongezeka, ndivyo vidaraja vya hesabu hiyo vinavyokaribia mchirizo laini wenye umbo la kengele. Katika urushaji wa mara 3,600, kitovu ni 1,800, na nusu ya kipeuo cha pili cha 3,600 ni 30. Basi uwezekano wa kupata vichwa kati ya 1,770 na 1,830 ni takriban 0.6827. Hiyo ndiyo sehemu ambayo wanafunzi wa takwimu hufundishwa kuwa imo ndani ya mkengeuko sanifu mmoja kila upande wa wastani.

Mchirizo huo ulifungua mlango mpana zaidi. Vichwa vya sarafu huhesabika kimoja kimoja, ilhali urefu wa mtu au muda wa safari hauhesabiki hivyo, kwani baina ya thamani mbili daima ipo nyingine. Kwa kigeu endelevu cha aina hii, uwezekano wa thamani moja kamili ni sufuri. Kinachopimwa ni eneo lililo chini ya mchirizo baina ya mipaka miwili, na eneo lote huwa 1. De Moivre hakufika huko. Kwake kengele ilikuwa njia ya mkato ya kujumlisha. Mwaka wa 1809 Carl Friedrich Gauss aliitumia kueleza makosa ya vipimo vya wanafalaki, na jina la Gauss likaiganda.

Mwaka wa 1738 de Moivre alikuwa amekifasiri kijitabu chake kwa Kiingereza, lugha ya ugenini kwake, katika toleo la pili la kitabu chake. Hata hivyo, ilikuwa hadi 1924 ambapo Karl Pearson aliwakumbusha wanatakwimu asili ya mchirizo huo.

Mwaka wa 1754 Akademia ya Sayansi ya Paris, katika nchi aliyoikimbia, ilimchagua kuwa mwanachama. Miezi michache baadaye, tarehe 27 Novemba, alifariki London akiwa na umri wa miaka 87. Chanda chema huvikwa pete, lakini pete ya de Moivre ilichelewa mno.