William Osler

Sir William Osler (Bond Head, Kanada, 12 Julai 1849 – Oxford, Uingereza, 29 Desemba 1919) alikuwa daktari na mwalimu wa udaktari kutoka Kanada. Alisomea nchini kwake, akaendelea Uingereza, Ujerumani na Austria, kisha akafanya sehemu kubwa ya kazi yake Marekani. Anakumbukwa hasa kwa mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya ndani aliyoyaanzisha katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Magonjwa ya ndani ni yale ya moyo, mapafu, figo, damu na viungo vingine yanayotibiwa bila upasuaji.

Maisha ya awali

Baba yake, Featherstone Osler, aliwahi kuwa baharia wa jeshi la Uingereza kabla ya kuwa kasisi wa Kianglikana, na William mwenyewe alianza masomo ya juu mjini Toronto mwaka 1867 akitarajia kumfuata baba yake katika upadri. Walimu wawili walimgeuza njia. Mmoja, kasisi William Johnson, alimfundisha kutazama wadudu na mimea kwa hadubini. Mwingine, daktari James Bovell, alimfungulia maktaba yake. Mwaka 1868 Osler aliacha theolojia akaingia chuo cha udaktari. Miaka miwili baadaye alihamia Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, kwa kuwa huko wanafunzi waliweza kuwaona wagonjwa wodini kuliko Toronto. Alihitimu mwaka 1872.

Kwa nini magonjwa ya ndani

Osler hakuanza na nia hiyo. Alipokwenda London mwaka 1872 alitaka kuwa daktari wa macho. Lakini alipata habari kwamba Frank Buller, Mkanada mwenzake aliyekuwa akijifunza fani hiyohiyo London, alikusudia kufanya kazi Montreal, na mji ule usingewatosha wote wawili. Akaiacha fani hiyo na kuingia katika maabara ya John Burdon Sanderson. Hapo alichunguza chembe ndogo za damu ambazo leo zinajulikana kuwa husaidia damu kuganda, na matokeo yake yakafikishwa mbele ya Royal Society mwaka 1874.

Baada ya London alipitia Berlin, alikomwona Rudolf Virchow akichunguza maiti kwa uangalifu mkubwa, kisha Vienna. Aliporudi McGill mwaka 1874 alikuwa mwalimu asiye na wagonjwa wengi. Alikubali kuhudumu katika wodi ya ndui ya Montreal General, kazi ambayo wengi waliikwepa, na mwenyewe akaambukizwa ugonjwa huo, ingawa kwa kiasi kidogo. Malipo ya kazi hiyo yalikuwa dola 600. Alizitumia kununua hadubini za wanafunzi wake.

Kwa miaka iliyofuata alipasua mamia ya maiti katika hospitali hiyo, na inaelekea ni hapo alipojipata. Mezani aliona kile ambacho daktari wodini alikuwa amekikisia: pafu lililojaa usaha, au vali ya moyo iliyoharibika. Kila maiti ilikuwa jibu la swali lililoulizwa mgonjwa akiwa hai, na mara nyingi jibu lilionyesha kwamba daktari alikosea. Osler alitaka kuupata ukweli huo mapema zaidi, mgonjwa angali kitandani. Mwaka 1878 aliteuliwa kuwa daktari wa wodi katika hospitali hiyohiyo, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kati ya kitanda na maabara.

Malaria ni mfano mzuri. Alphonse Laveran alikuwa amekiona kimelea chake mwaka 1880 nchini Algeria, lakini madaktari wengi hawakumwamini, na Osler alikuwa miongoni mwao. Alipohamia Philadelphia mwaka 1884 alipata wagonjwa wa homa za vipindi. Akachunguza damu yao mwenyewe, na mwaka 1886 akatangaza kwamba Laveran alikuwa sahihi. Baadaye Baltimore alisisitiza damu ya wagonjwa wa homa ipimwe, kwa sababu homa ya matumbo ilikuwa ikiitwa malaria na wagonjwa kupewa kwinini bure. Msomaji wa Afrika Mashariki atalitambua kosa hilo.

Baltimore

Hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa mwaka 1889 na Osler akawa mganga wake mkuu. Kutoka Ujerumani aliiga mpango wa wasaidizi wa kudumu, na Halsted alifanya vivyo hivyo upande wa upasuaji. Kijana aliyekwisha kupata shahada aliishi hospitalini, bila mke, akiwajibika kwa wagonjwa usiku na mchana. Daktari mkazi wa kwanza upande wa magonjwa ya ndani alikuwa Henri Lafleur, aliyetoka Montreal. William Thayer aliyemfuata alikaa miaka kadhaa. Chuo cha udaktari kilipofunguliwa mwaka 1893, Osler aliwaingiza wanafunzi wodini pia. Walipewa wagonjwa wao, wakaandika historia ya ugonjwa na kupima damu na mkojo.

Kitabu chake The Principles and Practice of Medicine kilitoka mwaka 1892. Kilikiri wazi kwamba dawa nyingi za wakati ule hazikuponya chochote, na baadhi ya madaktari walimlaumu kwa kuwakatisha watu tamaa. Frederick Gates, mshauri wa tajiri Rockefeller, alikisoma mwaka 1897. Kukiri huko ndiko kulikomfanya amshawishi tajiri wake kugharimia utafiti, na taasisi ikaanzishwa New York mwaka 1901.

Oxford

Mwaka 1905 aliitwa Oxford kuwa Regius Professor. Katika hotuba ya kuaga Baltimore alifanya mzaha kwamba wazee wa miaka 60 hawana tena faida, akataja klorofomu. Magazeti yaliuchukua mzaha kwa uzito, na lawama zikamfuata kwa muda mrefu. Lisilo mzaha ni hotuba ya London, Mei 1914, ambamo alitetea Kanada kubaki nchi ya wazungu. Ni doa linalojadiliwa hadi leo, hasa kwa vile wodi za magonjwa ya ndani za Kanada na Marekani sasa zina madaktari wengi waliosomea Asia na Afrika.

Mkewe Grace, aliyemwoa mwaka 1892, alimzalia wana wawili. Wa kwanza alikufa akiwa na umri wa siku chache. Wa pili, Revere, alijeruhiwa na kombora karibu na Ypres, Ubelgiji, Agosti 1917. Rafiki wa baba yake, mpasuaji Harvey Cushing, aliitwa usiku na kumkuta angali hai, lakini hakuweza kuokolewa. Alikuwa na miaka 21.

Osler aliendelea kupokea wageni na wanafunzi nyumbani kwake hadi alipougua nimonia mwaka 1919. Maktaba yake ya maelfu ya vitabu ilipelekwa McGill, na majivu yake yamehifadhiwa humo katikati ya vitabu hivyo.