Edward Weston: jicho la baba, mkono wa mwana

Mtu nitakayemzungumzia leo hakuwa mshairi, wala hakupata kukanyaga pwani yetu. Alikuwa mpiga picha wa Kimarekani, jina lake Edward Weston, aliyezaliwa tarehe 24 Machi, 1886 katika mji wa Highland Park, karibu na Chicago, akafariki siku ya mwaka mpya wa 1958. Wapenzi wa picha wanamjua vyema, na wengine huenda wameiona ile picha yake ya pilipili hoho bila ya kumjua mwenyewe. Mimi nimemchagua kwa ajili ya jambo moja lililomfika uzeeni, jambo ambalo watu wa sanaa, hata sisi watungaji mashairi, yatupasa tulifikiri. Mikono yake iliikataa kazi hali macho na akili yake vingali vizima, ikabidi picha zake zitolewe na mikono ya wanawe. Je, picha hizo ni za nani?

Ili msomaji alielewe swali hilo hana budi kwanza aijue kazi yenyewe, kwani siku hizi picha hupigwa kwa simu na kufutwa kwa kidole kabla mpigwaji hajafunga mdomo.

Baba yake Weston alikuwa daktari. Mama alifariki kijana akiwa na umri wa miaka mitano tu. Mwaka 1902, alipotimiza miaka 16, baba alimpa kamera ndogo ya Kodak, na tangu siku hiyo masomo mengine yakamtoka moyoni. Mwaka 1906 akahamia California, akawa akizunguka nyumba kwa nyumba kuwapiga picha watoto wachanga, maharusi na hata maiti. Akaoa mwaka 1909, akapata wana wanne, Chandler, Brett, Neil na Cole, na mwaka 1911 akafungua studio yake katika kitongoji cha Tropico, karibu na Los Angeles. Picha zake za wakati ule zilikuwa laini, zenye ukungu, zikiigiza michoro ya rangi. Zilimletea tuzo na sifa. Lakini alipozuru Ohio mwaka 1922 akayaona madohani ya kiwanda cha chuma yamesimama wima bila ya pambo, alianza kuuchukia ule ukungu wake mwenyewe.

Mwaka uliofuata akaenda Mexico pamoja na Tina Modotti, mwanamke aliyekuwa mwanafunzi na mpenzi wake, akamchukua na mwanawe mkubwa, mkewe na watoto wengine akiwaacha nyuma. Sitasema kuwa alikuwa mume mwema, kwa maana hakuwa. Nasema tu kwamba huko Mexico, ambako alikaa hadi mwishoni mwa mwaka 1926, ndiko macho yake yalikofunuka. Mwaka 1925 alitumia muda wa wiki mbili hivi kulipiga picha bakuli la choo cha nyumba aliyopanga, akilitazama umbo lake kama mtu anavyotazama kazi ya mchongaji. Msomaji anaweza kucheka, lakini picha hiyo leo imo katika majumba makubwa ya sanaa.

Sasa nije kwenye kamera. Weston alikuwa nazo ndogo za mkononi pia, lakini kazi iliyomjengea jina ilifanywa kwa kamera kubwa ya mbao, yenye ngozi iliyokunjwa katikati mithili ya mvukuto wa mhunzi, ikisimama juu ya miguu mitatu. Wazee wa Mombasa wanazikumbuka kamera za namna hiyo katika studio za zamani, mpiga picha akijifunika kitambaa cheusi nawe umekaa kitini umeambiwa usipepese macho. Nyuma ya kamera pana kioo kilichoparuzwa kikawa na ukungu, na juu ya kioo hicho ndipo sura ya kitu huonekana, lakini juu chini. Mlima huning'inia kama popo na bahari huwa ndiyo mbingu. Mpiga picha huipanga picha yake yote katika hali hiyo ya kupinduka. Akisha kuridhika huufunga mlango wa lenzi, huchomeka nyuma kijaluba bapa cha mbao chenye filamu, kipande kimoja kila upande, na hapo kioo hakionekani tena. Anachokipiga hakioni.

Kipande kimoja cha filamu hiyo kilikuwa na upana wa inchi 8 na urefu wa inchi 10. Ukikilinganisha na filamu ya kamera za kawaida zilizokuwa zikivaliwa shingoni na watalii wetu, kile kipande kimoja ni sawa na mara 60 hivi ya kile kidogo. Faida yake ni kwamba picha haihitaji kukuzwa. Negativu, yaani ile picha ya kinyume ambayo nyeupe yake ni nyeusi na nyeusi yake ni nyeupe, hulazwa moja kwa moja juu ya karatasi ya picha, ikamulikwa, na kila unywele uliomo katika negativu ukashuka katika karatasi kama ulivyo. Hasara yake ni uzito na gharama, na pia muda.

Habari ya muda ni ndefu kidogo. Kitu kilicho karibu kikipigwa kwa lenzi iliyofunguliwa sana, sehemu moja tu huwa wazi na zilizobaki huwa na ukungu. Dawa yake ni kulifinya tundu la lenzi liwe dogo mno, na tundu likiwa dogo mwanga huingia kwa uchache, basi filamu hukaa ikinywa mwanga muda mrefu. Mwaka 1927, alipokuwa akipiga picha za makombe ya baharini nyumbani kwake, iko picha moja iliyomchukua zaidi ya saa nne kwa pigo moja. Saa nne nzima hakuna ruhusa ya kitu kutikisika! Lori likipita njiani kombe hutetemeka na kazi yote ikaharibika, na nyumbani mna watoto na mna paka. Sisi tuliolelewa tukiyaokota makombe ufuoni tukayaweka madirishani bila ya kuyatazama mara mbili, tungefaa tumuonee haya mtu huyu. Picha ya kombe moja la mwaka huo, kwa mkono wake mwenyewe, iliuzwa mnadani mwaka 2010 kwa zaidi ya dola milioni moja. Yeye alipokuwa hai alikuwa akiuza picha zake kwa dola 15.

Ile pilipili hoho aliipiga mwezi wa Agosti, 1930. Alikwisha kuzipiga pilipili nyingi akizisimamisha mbele ya vitambaa na kadibodi, asiridhike. Siku moja akaitia ndani ya mdomo wa faneli ya bati iliyolazwa ubavu, na bati likaurudisha mwanga kwa upole pande zote, pilipili ikatokeza mabega na mgongo kama watu wawili waliokumbatiana. Baada ya kupigwa, pilipili zake zilikuwa zikiliwa, kwani nyumba haikuwa na utajiri wa kutupa mboga.

Mwaka 1932 yeye na wenzake kadhaa, miongoni mwao Ansel Adams na Imogen Cunningham, waliunda kikundi wakakipa jina la f/64, ambayo ni alama ya tundu dogo kabisa katika lenzi zao. Walikuwa wakitangaza vita na picha za ukungu. Kikundi hakikudumu, ila njia yao ilidumu.

Chumba chake cha giza ndicho kinachonivutia kuliko yote, kwa sababu kilikuwa maskini. Mwaka 1938 mwanawe Neil alimjengea nyumba ndogo ya mbao kwenye kilima karibu na Carmel, California, na chumba cha kazi hakikuwa na mashine ya kukuzia picha. Mlikuwa na mabeseni ya dawa, fremu yenye kioo ya kubania negativu na karatasi, na taa moja tupu ya umeme iliyoning'inia kutoka juu. Filamu aliisafisha kwa dawa iitwayo pairo, ambayo ni sumu na huacha rangi ya manjano. Aliigeuzageuza ndani ya beseni kwa vidole gizani, kisha kwa nukta chache huiinua mbele ya taa hafifu ya kijani aone imefikia wapi. Mpishi hodari haangalii saa, hufunua chungu. Basi ndivyo alivyokuwa. Karatasi nazo alizisafisha kwa dawa nyingine, amidoli, ambayo hutoa weusi mzito wa kupendeza lakini hutia doa kila igusacho. Wapigaji wanaoitumia kucha zao huwa nyeusi ti, ungedhani wametiwa piko.

Na hapo penye ile taa tupu ndipo penye siri. Taa ikiwaka juu ya fremu, mtoaji picha hupitisha kiganja au kipande cha karatasi baina ya taa na kioo, akikinga kivuli hapa kisije kikawa cheusi mno, akiuachia mwanga pale uzidi kidogo. Mkono hauna ruhusa ya kusimama, kwa maana ukisimama utaacha mpaka. Wala hauna ruhusa ya kutetemeka. Mambo yote haya ni ya sekunde chache, na hayaandikiki. Mimi niliyefunzwa chuoni kuandika herufi za Kiarabu kwa kalamu ya mwanzi najua kidogo maana yake, jinsi uzito wa kidole unavyobadilisha tumbo la herufi ya nuni.

Mwaka 1937 Weston alikuwa mpiga picha wa kwanza kupewa msaada wa taasisi ya Guggenheim, dola 2,000, na mwaka uliofuata akaongezewa. Yeye mwenyewe hakujua kuendesha gari. Charis Wilson, ambaye alimuoa mwaka 1939, ndiye aliyeshika usukani, wakazunguka California na nchi za magharibi ya Marekani pamoja na kamera ile nzito. Katika safari hiyo walimtembelea Ansel Adams huko Yosemite, na usiku waliorudi kutoka milimani chumba cha giza cha Adams kikashika moto, negativu zake nyingi zikateketea. Weston aliyaona hayo kwa macho yake. Ndoa yake na Charis ikavunjika mwaka 1946, mwaka ule ule ambao jumba la Museum of Modern Art mjini New York lilimuandalia maonyesho makubwa ya kazi zake za maisha.

Wakati huo maradhi ya Parkinson yalikuwa yamekwisha kumwingia, yale yanayotetemesha viungo na kuufanya mwendo kuwa mzito. Picha yake ya mwisho aliipiga mwaka 1948 kwenye miamba ya Point Lobos, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwake. Aliishi miaka kumi zaidi bila ya kupiga nyingine.

Akiba yake ilikuwa ni negativu alizozilimbikiza. Kuanzia mwaka 1952 hadi 1955, kwa fedha za mfadhili, zilichaguliwa negativu zaidi ya 800, na kila moja ikatolewa seti ya nakala nane. Aliyetoa ni Brett, ambaye naye alikuwa mpiga picha mkubwa kwa haki yake, akisaidiwa na wengine, na mzee akiwa pale pale, akichagua na kukubali na kukataa. Jicho lilikuwa la baba na mkono ulikuwa wa mwana.

Wapo wataalamu wanaozitenga picha hizo na zile alizozitoa mwenyewe, na sokoni bei zake ni mbalimbali sana. Mimi siafikiani nao. Mashairi ya Muyaka bin Haji yangalipotea kama Mwalimu Sikujua asingaliyahifadhi, na Mzungu Taylor asingalishirikiana naye kuyaandika, wala hapana Mmvita anayesema kuwa Muyaka tunayemsoma si Muyaka. Na Weston alikuwa na bahati ambayo Muyaka hakuipata, kwani yeye alikaa kitini akasahihisha.

Baada ya mwaka 1958 ndipo ninapoanza kusita. Weston aliusia kwamba Cole, kitinda mimba, ndiye mwenye idhini ya kuendelea kutoa picha kutokana na negativu zake, na Cole aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Maneno ya shairi hubaki maneno, ayanakili nani. Lakini katika picha ule weusi wenyewe ndio neno, na aliyeujua kiasi chake hayupo tena wa kutikisa kichwa. Cole alifanya lililo la haki: nyuma ya kila picha aliandika kuwa negativu ni ya baba na utoaji ni wake yeye. Mnunuzi hakudanganywa.

Brett alilitazama jambo hili kwa ukali zaidi, na yeye ndiye aliyekuwa ameuazima mkono wake. Mwezi wa Desemba, 1991, siku alipotimiza miaka 80, alizitia motoni negativu zake mwenyewe ili asije mtu akazitoa baada yake. Watu walimsihi, hakusikia. Alifariki mwezi wa Januari, 1993. Cole alifariki mwaka 2003. Negativu za baba yao ziko Tucson, katika hifadhi ya picha ya Chuo Kikuu cha Arizona.