H.G. Wells: mutu mukubwa aliyecheza na basoda wa risasi

Herbert George Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 ku Bromley, karibu na London, kule Uingereza. Baba yake alikuwa na duka ndogo ya masahani, lakini biashara haikutembea muzuri. Mama yake alikuwa amefanya kazi ya utumishi ku nyumba za watajiri. Siku moja mutoto akavunjika muguu, akalala kitandani muda murefu, na pale njo alianza kupenda vitabu. Alipokuwa kijana, wakamutia kazi ku magazini ya vitambaa, saa 13 kila siku. Aliichukia sana ile kazi. Akajifunza kwa nguvu, na mu 1884 akaingia shule kubwa ya sayansi ku London. Kuanzia 1895 vitabu vyake vikamupatia jina na feza.

Wengi wanamujua juu ya vile vitabu. Lakini wale wanaokusanya basoda wadogo wa zamani wanamuhesabu kama baba wa muchezo wao. Tangu 1893 kiwanda cha William Britain kilitengeneza basoda wa risasi, ile madini nzito, wenye tumbo tupu. Madini ikaenda kidogo, bei nayo ikashuka. Wells, mutu muzima mwenye watoto wawili wanaume, alipiga magoti chini pamoja na marafiki zake. Walijenga nyumba za mbao na karatasi ngumu. Matawi ya bustani yakawa pori. Muzinga mudogo wa resori ulirusha kipande cha mti: soda akianguka, amekufa. Wa miguu anatembea sentimeta 30, wa farasi 60, na kamba njo inapima. Mu 1913 aliandika sheria zote katika kitabu Little Wars. Leo wale wanaopiganisha tena majeshi ya Napoléon juu ya meza wanafuata njia ile.

Lakini hakutaka kucheza tu. Alisema wakubwa wenye kupenda vita wafungiwe ndani ya chumba kikubwa na basoda wa namna ile, watuache sisi na amani yetu.

Mwaka uliofuata, vita kubwa ikalipuka. Wells mwenyewe akaikubali, akitumaini itakuwa ya mwisho. Haikuwa. Na mu 1914 ile ile alitoa kitabu kingine, cha hadisi, ndani yake bomu inayotoka mu atomi. Yeye njo aliipa jina tunalolitumia mpaka leo.

Tarehe 6 Agosti 1945 hadisi ikawa kweli ku Hiroshima. Sehemu kubwa ya urani ya ile bomu ilitoka Shinkolobwe, hapa kwetu Katanga. Wazee wetu waliochimba hawakuambiwa yale mawe yanaenda kufanya nini. Wells alikuwa angali hai, muzee, mugonjwa. Alikufa London tarehe 13 Agosti 1946, na miaka 79. Basoda wake wa risasi hawakuua mutu hata mumoja.