Maisha ya Sheikh Ramiya wa Bagamoyo na Khabari ya Kuihesabu Nafsi

Tumekusudia katika kijitabu hiki kueleza kwa ufupi maisha ya Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu wa Mrima na watu wa bara humjua zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki katika mji wa Bagamoyo mwaka wa 1931. Hatukumchagua kwa kuwa alikuwa khalifa wa Twarika ya Qadiriya, maana makhalifa walikuwa wengi na kila mji una wake. Tumemchagua kwa sababu kijana wa pwani wa zama zetu, akiulizwa umri wake anaupeleka wapi, mara nyingi hutazama chini asijibu. Na Sheikh Ramiya alikuwa na udhuru mkubwa kuliko wetu wa kukosa jawabu, naye alilipata.

Vijana hao hawako Tanga na Kilwa tu. Ewe ndugu msomaji, ukipata safari ya bara, ukafika Kagongwa, mji mdogo wa biashara karibu na Kahama katika mkoa wa Shinyanga, utaona mashine za kukoboa mpunga, na magunia ya mchele, na malori yanayopita kwenda upande wa machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita. Kijana wetu aliyekwenda huko kwa nia na kwa kazi maalumu, huyo tunamwombea kheri. Lakini yuko mwenziwe aliyekwenda kwa sababu aliona wengine wanakwenda. Leo yumo katika mchele. Kesho amesikia dhahabu imeonekana pahala fulani, ameacha mchele amekimbilia huko. Kesho kutwa amerudi Kagongwa mikono mitupu, akingojea khabari nyingine ya kumkimbiza. Dhahabu ya nchi ile si jambo geni, kwani mgodi mkubwa wa Geita ulichimbwa tangu mwaka wa 1936 hata 1966, na baadaye ukafunguliwa tena. Na tangu hapo hata leo wenye kuipata ni wachache na wenye kuifukuza ni wengi. Wala haramu haimo katika kuitafuta. Shida ni ya mtu ambaye miguu yake yaenda na yeye mwenyewe hajui kwa nini.

Sasa tazama ajabu hii. Kijana huyo apandapo bara kwa hiari yake, nauli mfukoni, huifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya zamani iliyounganisha Bagamoyo na Tabora, na kutoka Tabora ikaenda magharibi hata Ujiji na ng'ambo ya ziwa, na tawi lake jingine likapanda kaskazini kwa nchi za Wasumbwa kuelekea Karagwe na Buganda. Kutoka ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Manyema ambayo leo ni mashariki ya Kongo, ndiko alikotoka Ramiya. Aliteremshwa pwani angali mtoto mdogo, naye ni mtumwa. Hakuchagua kuondoka, hakuchagua aendako, wala hakuna aliyemuuliza. Bagamoyo akaingia katika nyumba ya Amir bin Suleiman Al-Lamki, mmoja wa Waarabu wakubwa wa mji ule, akakulia humo.

Wajuao desturi za pwani watalifahamu jina lake mara moja. Mtu ambaye baba yake hakujulikana katika Uislamu aliitwa bin Abdallah, kwa kuwa kila mtu ni mja wa Mungu. Katika mji ambao watu walikuwa wakihesabiana nasaba, ambao muungwana alijulikana kwa kilemba chake na kwa pahala pake pa kukaa barazani, jina hilo lilikuwa likisema mengi kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Na hali hiyo haikuondoka upesi. Wajerumani waliweka amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia mwaka wa 1906 wawe huru, nao wazee wao wakabaki kama walivyokuwa. Utumwa katika Tanganyika haukufutwa kwa sheria ila mwaka wa 1922, chini ya Waingereza. Weka mwaka huo moyoni, tutaurudia.

Watu wengi wakisimulia maisha ya mashekhe hupenda kuanza na karama. Sisi, kwa radhi yao, tutaanza na minazi.

Ramiya alipokuwa mtu mzima alifanya biashara ndogo ndogo, akaweka akiba, na akiba yake akaitia katika minazi na ardhi, hata kufikia wakati wa Vita Vikuu vya kwanza alikuwa miongoni mwa wenye mashamba mji ule. Maneno haya husomwa kwa pumzi moja, lakini anayejua mnazi atasimama hapo afikiri. Mnazi wa pwani yetu haukupi kitu miaka sita, saba, na pengine zaidi. Miaka yote hiyo kazi yako ni kupalilia, kutoa wadudu, kuzuia mifugo, na kungoja. Wala hupati wa kukusifu, maana mnazi mchanga hauna sifa. Ukishazaa, mkwezi hupanda, nazi huanguliwa, zikapasuliwa, zikakaushwa juani zikawa mbata, nazo huuzwa kwa bei ambayo hukuiweka wewe. Mwenye kutaka utajiri wa usiku mmoja hawezi kuwa na shamba la minazi. Atalinunua, kisha ataliuza kabla halijazaa.

Na hapo ndipo tunapoona mtu huyu alivyokuwa. Mtu aliyeondolewa kwao bila hiari, akalelewa katika kazi za watu wengine, angaliweza kusema kwamba maisha yake si yake, na nani angemlaumu? Badala ya hayo akashika kidogo kilichokuwa mkononi mwake, akakirudia kesho yake, na siku ya pili yake.

Katika elimu alifuata mwendo ule ule. Hakuwa mtoto wa shekhe aliyetiwa chuoni akiwa na miaka mitano na jina la babu yake likimtangulia. Alisoma kwa Sheikh Abubakar bin Taha, mwanachuoni wa Bagamoyo, naye ni mtu mzima mwenye kazi zake. Ndugu yangu, wewe uliyeacha chuo kwa kuona haya ya kukaa na watoto, fikiri hapa kidogo. Darsa za pwani zina utaratibu wake: mwanafunzi huanza na kitabu kidogo cha fikihi kama Safinatu Najaa, mlango kwa mlango, udhu na sala na saumu, na hapewi kikubwa mpaka kidogo kimekaa. Mtu mzima hilo humuuma, kwa sababu hutaka kuanza na pale wenziwe walipofika. Ramiya alivumilia mwendo huo mpaka yeye mwenyewe akawa wa kuendewa, akafungua darsa, watu wakaja kusoma kwake. Mtumwa wa jana akawa mwalimu wa mji.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini akaingia katika Twarika ya Qadiriya, akapewa ijaza, akawa khalifa. Twarika hiyo ilikuwa imeenea pwani hii kwa juhudi za mashekhe wa Barawa na wa Unguja, na iliwapokea watu wa bara na waliokuwa watumwa katika halka moja na waungwana, bega kwa bega. Wako wanavyuoni walioikosoa na wanaoikosoa hata leo kwa mambo ya dhikiri na ngoma zake, na kijitabu hiki si pahala pa kuamua neno hilo. Tunalotaka lionekane ni kwamba twarika humpa mtu uradi: maneno machache, kwa idadi maalumu, kwa wakati maalumu, kila siku, akiwa na furaha au ana msiba, akiwa shambani au safarini. Uradi ni mnazi wa moyo. Siku moja haina maana. Miaka kumi ina maana.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka wa 1111 wa Kizungu, katika kitabu chake Ihyaa ameliwekea jambo hili mlango mzima, akalifananisha na biashara. Mfano wake ni mtu mwenye mshirika aliyemkabidhi mali. Asubuhi humwekea sharti, mchana humwangalia asiharibu, na jioni hukaa naye wakahesabiana: faida kiasi gani, hasara kiasi gani, na imetoka wapi. Mshirika huyo ni nafsi yako, na rasilmali ni siku yako, ambayo ikishatoka hairudi. Yeye Ghazali ilimpasa aache kazi yake kubwa katika madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad mwaka wa 1095, atoke aende Sham, ndipo aione njia yake. Tunamheshimu sana, lakini twaona mfano wa Ramiya umetukaribia zaidi. Huyu hakutoka Bagamoyo kutafuta njia. Aliipata pale pale alipotupwa, baina ya shamba na kitabu na msikiti. Si kila mtu ana Baghdad ya kuiacha.

Na hesabu hiyo haihitaji elimu kubwa. Yule kijana wetu wa Kagongwa anajua sana kuhesabu magunia. Anajua gunia hili limenunuliwa kwa kiasi gani, kukoboa kumekula kiasi gani, na lori kiasi gani. Baada ya sala ya Isha, kabla hajalala, na aihesabu siku yake vivyo hivyo, kwa dakika chache tu, pasipo mtu kumwona: leo nimefanya nini, kwa ajili ya nani, na kesho nikifanya hivi tena nitafika wapi. Siku za kwanza atachukia, kwa sababu hesabu itamwonyesha hasara. Mwenye duka naye huchukia siku ya kufungua daftari baada ya kulifunga mwaka mzima. Asikimbie. Achague jambo moja dogo analoliweza, kama kuweka akiba thumuni ya pato lake, au kusoma ukurasa mmoja baada ya Alfajiri, na alishike jambo hilo mchele ukipanda bei au ukishuka. Na khabari ya dhahabu mpya ikija, atakuwa na kitu cha kuipimia.

Turejee Bagamoyo. Mji ule ulikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka mwaka wa 1891, walipohamia Dar es Salaam, na tangu hapo ukaanza kupungua; biashara ikahama, na matajiri wengi wakahama nayo. Ramiya hakuhama. Vita vilipokuja, Waingereza wakautwaa mji mwaka wa 1916, wakatafuta mtu ambaye watu watamsikiliza, wakamfanya yeye liwali kwa muda. Sasa uangalie ule mwaka tuliokuambia uuweke moyoni. Sheria ya kufuta utumwa ilikuwa bado miaka sita. Mtu aliyeletwa mji huu kama mali ya mtu alikaa kwenye kiti cha liwali wa mji huo huo kabla sheria haijasema kwamba mtumwa ni mtu huru. Waungwana waliomjua tangu alipokuwa mtoto wa nyumba ya Al-Lamki walikuja mbele yake na mashauri yao.

Hatusemi kwamba hapakuwa na walionung'unika. Wivu hauna mji usiokaa. Lakini mtu aliyezoea kufanya lake kila siku hana nafasi kubwa ya kujibu manung'uniko, na uliwali ulipokwisha alikuwa na pa kurudi: darsa yake ilikuwapo, minazi yake ilikuwapo, na halka ya dhikiri ilikuwapo. Twafikiri hiyo ndiyo tofauti yake na wakubwa wengi tuliowaona, ambao cheo kikiondoka hawajui asubuhi waamkie wapi.

Alipofariki mwaka wa 1931 ukhalifa ukashikwa na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, ambaye naye alikuwa mwanachuoni, akawa miongoni mwa walioiunga mkono TANU katika kudai uhuru, na akaishi hata mwaka wa 1985. Wakati wa ukhalifa wake maulidi ya Bagamoyo yalijulikana nchi nzima. Watu walikuja kutoka miji ya bara, wakiteremka kwa garimoshi hata Dar es Salaam na kutoka hapo kwa gari, kutoka pande zile zile ambazo misafara ilimleta yule mtoto wa Kimanyema, nao wakaja kwa hiari zao, wakamsomea khitma.