Daktari Aliyewanawisha Wenzake Mikono

Nyanya yangu ni mkunga. Akiitwa usiku kumzalisha mtu, neno lake la kwanza ni maji na sabuni. Mimi nilidhani ni ukali wa wazee tu, hadi niliposoma habari za Ignaz Semmelweis.

Semmelweis alizaliwa mjini Buda, nchini Hungaria, mwaka wa 1818. Alianza kusomea sheria, akaiacha, akaingia udaktari. Mwaka wa 1846 alipata kazi katika hospitali kuu ya Vienna, Austria. Hapo palikuwa na wodi mbili za kujifungulia. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ya wakunga. Mwaka huohuo, katika kila wazazi 100 wa wodi ya kwanza, karibu 11 walikufa, wengi kwa homa ya uzazi. Katika ile ya wakunga hawakufika 3! Akina mama walilijua jambo hilo. Walilia na kupiga magoti wasipelekwe wodi ya kwanza, na wengine waliona heri wajifungulie barabarani.

Wakubwa walisema ati ni hewa mbaya. Semmelweis hakuridhika, kwani hewa ilikuwa ileile moja. Machi 1847 rafiki yake, Profesa Kolletschka, alidungwa kisu na mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti, akaugua, akafa. Maiti yake ilipochunguzwa ilikuwa na dalili zilezile za wale akina mama. Kumbe wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wazazi! Wakunga hawakupasua maiti.

Basi mwezi wa Mei akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini. Aprili walikuwa wamekufa 18 katika kila 100. Juni walikuwa 2 hivi.

Mngedhani alishangiliwa. Wapi! Kukubali maneno yake ilikuwa ni kukiri kwamba mikono yao ndiyo iliyoua. Yeye mwenyewe alikiri, na jambo hilo lilimtafuna moyo. Mwaka wa 1849 hakuongezewa muda wa kazi, akarudi kwao. Kwa maoni yangu naye alikosea, maana alikawia kuandika kitabu chake hadi 1861, kisha akawatumia wapinzani barua za kuwaita wauaji. Nani atakusikiliza ukimtukana?

Mwaka wa 1865 akili zilimruka, akapelekwa kwa hila katika hospitali ya wendawazimu huko Vienna. Baada ya wiki 2 tu alikufa, akiwa na miaka 47. Alikuwa na kidonda kilichooza na sumu ikaingia kwenye damu, karibu sawa na wale akina mama aliowapigania.

Mwaka wa 1867, mjini Glasgow, Joseph Lister alichapisha njia yake ya kuua vijidudu vidondani, na polepole madaktari wakaanza kunawa.