Joe Davis: Mataji 15 ya dunia, fimbo moja ya bei chee

Watu wa Kagunga huwezi kuwafundisha habari za mbao. Boti ikikaa nchi kavu juani muda mrefu, mbao zinasinyaa na nafasi zinafunguka. Ikirudi ziwani, zinavimba. Kila mvuvi analijua hilo.

Cha ajabu, boti tunaitunza, ila fimbo ya pool tunaiegemeza ukutani karibu na dirisha mpaka inapinda. Halafu tukikosa shimo, lawama zote kwa fimbo.

Kama na wewe ni wa hivyo, mjue Joe Davis.

Alizaliwa Aprili 15, 1901 huko Whitwell, Derbyshire, Uingereza. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe, baadaye akawa mwenye baa. Ndani ya baa kulikuwa na meza ya biliadi, na dogo akajifunzia hapo. Alipofika miaka 18 alishakuwa mchezaji wa kulipwa.

Jicho lake la kulia halikuona vizuri. Hakukata tamaa: alijizoesha kupitisha fimbo chini ya jicho la kushoto.

Wakati huo biliadi ndiyo ilikuwa na heshima. Snuka, ndugu wa pool unaochezwa kwa mipira 22 kwenye meza kubwa, ulionekana wa kupotezea muda tu. Davis alisukuma mpaka mashindano ya dunia yakaanzishwa. Mwaka 1927 akawa bingwa wa kwanza. Zawadi yake? Pauni 6 na shilingi 10.

Kuanzia hapo hakuna aliyemng'oa. Alichukua taji kila mwaka hadi 1940, vita vikasimamisha mashindano, yaliporudi 1946 akachukua tena. Jumla 15, kisha akajiondoa mwenyewe bila kufungwa hata mara moja kwenye mashindano hayo.

Na muda wote huo alitumia fimbo ileile, aliyoinunua kwa shilingi chache za Uingereza. Si ya dhahabu wala ya kuagiza.

Siri iko wapi? Mkono unazoea. Unazoea uzito wa fimbo, unene wake na inavyoteleza vidoleni. Ndiyo maana kosa kubwa kwenye fimbo iliyochakaa ni kuivamia na msasa. Inang'aa, sawa, lakini unene ukishaondoka haurudi. Umejitengenezea fimbo ngeni.

Ukitaka kuirudisha fimbo yako kwenye hali nzuri, fanya hivi:

1. Futa chaki na jasho kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kilichokamuliwa vizuri. Kausha hapohapo, maji yasipate muda wa kuingia.

2. Weka matone machache ya mafuta ya mbegu za kitani, wanayotumia maseremala. Sugua kwa kiganja mpaka usikie joto.

3. Futa mafuta yote yaliyobaki juu. Yakiachwa mengi, fimbo itanata. Ilaze usiku mzima kabla ya kucheza.

4. Usipake vanishi sehemu inayopita vidoleni. Mkono ukitoa jasho, itakwama.

5. Iweke kwenye mfuko wake, mbali na jua na unyevu. Usiiegemeze ukutani.

Januari 22, 1955, akiwa na miaka 53, Davis alipiga pointi 147 kwa zamu moja, ya kwanza kutambuliwa rasmi kwenye snuka. Mwaka 1978 alianguka akimtazama mdogo wake, Fred, akicheza nusu fainali ya dunia. Alifariki Julai 10 mwaka huo, akiwa na miaka 77.

Kwa hiyo kabla hujaanza kujichanga ununue fimbo mpya ya mjini, itazame uliyonayo. Kama haijapinda wala kupasuka, huenda inachohitaji ni kitambaa, mafuta kidogo na mtu wa kuilaza vizuri usiku.