Naranjan Grewall: mpasua mbao aliyeingia barazani Kanada

Mwaka 1950, katika mji mdogo wa Mission, jimbo la British Columbia magharibi mwa Kanada, wapiga kura walimchagua diwani mwenye asili ya India. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea nchini humo. Jina lake Naranjan Singh Grewall.

Msikilizaji, ili tuone uzito wake turudi nyuma kidogo. Tangu 1907 Wahindi wa jimbo hilo walinyimwa kura, ingawa walikuwa chini ya mfalme yuleyule wa Uingereza. Na asiye na kura hakuruhusiwa hata kuwa wakili. Haki hiyo ilirudi 1947. Kwa hiyo Grewall alishinda miaka mitatu tu baada ya watu wake kuruhusiwa kushika karatasi ya kura, tena katika mji ambao wengi wa wakazi wake walikuwa wazungu.

Alikuwa Kalasinga, kama wengi wetu tulivyozoea kuwaita, na asili yake ni Punjab, kulekule walikotoka wengi wa waliokuja kujenga reli ya Uganda. Alifanya kazi kwenye viwanda vya kupasua mbao, akawa kiongozi katika chama cha wafanyakazi, kisha akamiliki viwanda vyake mwenyewe. Hapo ndipo anapotushangaza: tajiri wa mbao, lakini mwanachama wa CCF, chama cha wafanyakazi na wakulima.

Mwaka 1954 madiwani wenzake walimfanya mwenyekiti, cheo cha kama meya. Mwaka 1956 akagombea ubunge wa jimbo katika eneo la Dewdney. Hoja yake kubwa ilikuwa misitu. Serikali ilikuwa ikigawa leseni za misitu mikubwa kwa makampuni makubwa, na Grewall aliwafananisha wenye leseni hizo na maharaja, akionya kwamba wapasuaji wadogo watabaki bila gogo la kupasua. Hakuwa akipiga kelele bure: waziri wa misitu alijiuzulu mwaka huohuo, na 1958 mahakama ikamtia hatiani kwa rushwa.

Hata hivyo, Grewall alishindwa.

Julai 1957 alikutwa amekufa motelini Seattle, Marekani, akiwa na jeraha la risasi. Polisi walisema alijiua. Wengi waliomfahamu hawakukubali.

Kiti alichokitafuta kwenye bunge la jimbo kilikuja kupatikana 1986, Moe Sihota aliposhinda Esquimalt-Port Renfrew kupitia NDP, chama kilichozaliwa na CCF.